Fedha ya Mkiwa Ina Mwenyewe

Ukisafiri kwa barabara kutoka Dodoma kwenda Singida, utapita Mkiwa kabla ya kufika Ikungi. Hapo njia hugawanyika. Moja huendelea mbele mpaka Singida mjini. Nyingine hukata kushoto kwenda Itigi na Rungwa, na mwisho wake ni Mkoa wa Mbeya.

Watu wa sehemu hizi ni wakulima na wafugaji. Hulima mtama, uwele, mahindi na alizeti. Hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Mvua yao ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Mvua ikikatika mapema, ghala hubaki tupu kabla mavuno mapya hayajafika.

Neno "mkiwa" lina maana yake katika Kiswahili. Mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake, asiye na ndugu wa kumsaidia. Kila kijiji katika nchi yetu kina wakiwa wake. Yupo bibi kizee anayelea wajukuu yatima. Yupo mzee aliyepoteza macho. Yupo mama mjane mwenye watoto wadogo na shamba la nusu eka.

Serikali imekuwa ikitoa fedha za kuwasaidia watu hao. Fedha hizo huitwa ruzuku. Lakini mara nyingine ruzuku huenda kwa mtu asiyestahili. Ikitokea hivyo, tufanye nini? Fedha irudi vipi? Nani apelekwe mahakamani, na nani asipelekwe? Ndugu msomaji, hayo ndiyo tutakayozungumza katika ukurasa huu.

RUZUKU HII ILIANZAJE?

Mwaka 2000 Serikali ilianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Wengi tunaufahamu kwa jina la TASAF. Mwanzoni Mfuko ulisaidia zaidi vijiji kujenga madarasa, zahanati na visima.

Mwaka 2010 ulianza kulipa fedha taslimu kwa kaya maskini. Hilo lilikuwa jaribio katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Chamwino ni wilaya ya Mkoa wa Dodoma, jirani zetu. Jaribio lilionekana kufaa. Kwa hiyo, Agosti 2012, Rais Jakaya Kikwete alizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kwa nchi nzima. Februari 2020 Rais John Magufuli alizindua kipindi cha pili cha mpango huo. Kaya zaidi ya milioni 1 zimepata msaada huu.

Kaya ni nini? Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja.

Katika kipindi cha kwanza, kaya ilipata shilingi 10,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo ruzuku ya msingi. Kaya yenye watoto iliongezewa shilingi 4,000. Mtoto wa shule ya msingi aliongeza shilingi 2,000, mradi ahudhurie masomo. Kaya haikuweza kupata zaidi ya shilingi 38,000 kwa mwezi, hata iwe na watoto wengi namna gani. Malipo yalifanyika kila baada ya miezi miwili.

Zilikuwapo pia kazi za muda, kama kuchimba malambo na kutengeneza barabara za kijiji. Mtu alilipwa shilingi 2,300 kwa siku. Kazi ilikuwa siku 60 kwa mwaka. Zidisha 2,300 kwa 60. Utapata shilingi 138,000.

Mtu mwenye duka kubwa anaweza kuziona fedha hizi kuwa ndogo. Lakini kwa bibi anayelea yatima, fedha hizi ni mahindi, daftari za mtoto, na pengine kuku jike wa kuanzia ufugaji. Ndiyo sababu kuiba fedha hii ni kosa zito. Mwizi wake hamwibii tajiri. Anamwibia mtu ambaye hana kitu kingine.

Tena tusidhani kuwa fedha hii ni ya wageni. Sehemu yake kubwa ni mkopo kutoka Benki ya Dunia. Mkopo hulipwa na Watanzania wote. Anayenunua sukari analipa kodi. Anayepanda basi la kwenda Singida analipa kodi. Kwa hiyo fedha ya ruzuku ina wenyewe wawili. Wa kwanza ni yule mkiwa aliyekusudiwa. Wa pili ni sisi sote.

KAYA HUCHAGULIWAJE?

Kwanza, wanakijiji hukutana na kutaja kaya zilizo maskini kuliko nyingine. Pili, watu waliofundishwa kazi hiyo hupita nyumba kwa nyumba na kuuliza maswali. Nyumba imeezekwa kwa nini? Wanakula mara ngapi kwa siku? Wana mifugo mingapi? Tatu, majibu hayo hupimwa kwa kompyuta. Nne, orodha hurudi kijijini, ikasomwa mbele ya mkutano.

Hatua hii ya nne ndiyo nguzo ya nyumba nzima. Kompyuta haijui kwamba fulani ana ng'ombe 30 alioficha kwa shemeji yake. Majirani wanajua. Kompyuta haijui kwamba fulani amefariki tangu mwaka jana. Majirani walichimba kaburi. Orodha ikisomwa kwa sauti mbele ya watu wote, uongo hukosa mahali pa kujificha. Orodha ikifungiwa kabatini, uongo hupata nyumba ya kuishi.

HILA ZINAZOTUMIKA

Wezi wa ruzuku hutumia hila nyingi. Tuzitaje zile zinazojulikana zaidi.

Hila ya kwanza ni kutumia jina la marehemu. Mzee aliyekuwa akiishi peke yake amefariki. Jina lake halifutwi. Mtu mwingine anapokea kwa niaba yake, mwezi baada ya mwezi.

Hila ya pili ni kutumia jina la mtu aliyehama. Kaya imehamia Itigi au Tabora. Kitabu chake kimebaki mkononi mwa mtu.

Hila ya tatu ni kuandika ndugu na marafiki. Kiongozi anaingiza jina la mke wake au mdogo wake, hali kaya yao ina duka na pikipiki.

Hila ya nne ni kukata fedha mkononi. Karatasi inasema shilingi 40,000. Bibi anapewa shilingi 30,000. Anaambiwa aweke dole gumba, naye anaweka. Hajui kilichoandikwa.

Hila ya tano ni kuandika mahudhurio ya uongo. Mtu hakushika jembe hata siku moja. Katika daftari la kazi ameandikwa siku 15.

Ndugu msomaji, itazame tena hila ya nne. Hila hiyo hufanikiwa tu pale ambapo mtu hawezi kusoma. Wewe sasa unaweza. Kabla hujatia sahihi, soma tarakimu. Hesabu fedha iliyo mkononi. Linganisha. Kama haziko sawa, usitie sahihi. Na kama jirani yako hajui kusoma, msomee. Hiyo ndiyo faida ya kisomo.

Siku hizi kaya nyingi hulipwa kwa njia ya simu au benki. Njia hii imepunguza mikono ambayo fedha hupitia. Lakini imeleta hatari yake. Mtu anayejua namba yako ya siri anaweza kuchukua fedha zako zote bila wewe kujua. Namba ya siri ni kama ufunguo wa ghala. Usimpe mtu, awe kijana wa duka la simu, awe kiongozi. Kama huna budi kusaidiwa, msaidizi awe mtu wa kaya yako unayemwamini.

HESABU YA KAYA HEWA

Mwaka 2016 Serikali ilifanya uhakiki. Ilitaka kujua kama kila kaya inayolipwa ipo kweli, na kama inastahili. Kaya zaidi ya 55,000 zilionekana kuwa hazistahili kulipwa. Zikaitwa "kaya hewa". Mwaka huohuo Serikali ilikuwa imegundua pia watumishi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha yake ya mishahara.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme kila kaya kati ya hizo 55,000 ilipata ruzuku ya msingi tu, yaani shilingi 10,000 kwa mwezi. Zidisha 55,000 kwa 10,000. Utapata shilingi milioni 550 kwa mwezi mmoja.

Sasa tuilete hesabu hiyo kijijini. Tuseme kijiji fulani kina kaya hewa 10. Kila moja inalipwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwa mwezi ni shilingi 100,000. Kwa mwaka ni shilingi 1,200,000. Kwa miaka mitatu ni shilingi 3,600,000. Fedha hiyo ingeweza kuzisaidia kaya 10 za kweli kwa miaka yote mitatu. Kaya hizo zipo. Ziliachwa nje kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa.

Hapo ndipo ubaya wa hila hii unapoonekana. Kila kaya hewa inayoingia inamfungia mlango mkiwa mmoja.

KOSA NA HILA SI KITU KIMOJA

Lakini tusiharakishe kuwaita watu wote wezi. Neno "hewa" liliziweka kaya nyingi katika kapu moja, nazo hazikuwa sawa. Kati ya waliofutwa katika uhakiki kulikuwa na waliofariki. Kulikuwa na waliohama. Kulikuwa na waliokuwa na mali tangu mwanzo. Marehemu si mwizi. Mwizi ni yule anayepokea kwa jina lake.

Fedha iliyozidi au iliyokwenda pasipostahili hutokana na mambo matatu. Tutoe mfano wa kila moja. Mifano hii ni ya kufikiria tu.

Mfano wa kwanza: kosa la ofisi. Mama mmoja ana watoto wawili shuleni. Karani ameandika wanne. Mama amelipwa zaidi kwa miezi sita. Yeye hakudanganya. Hata hakujua kiasi anachopaswa kupata. Je, mama huyu ni mwizi? Hapana. Kosa ni la karani. Daftari lisahihishwe mara moja. Kama ziada inapaswa kurudi, aelezwe vizuri, naye arudishe kidogo kidogo, asije akalala njaa na watoto wake kwa kosa la mtu mwingine.

Mfano wa pili: kuchelewa kutoa taarifa. Mzee mmoja alikuwa maskini sana. Mwanawe amepata kazi mjini, sasa anamtumia fedha kila mwezi. Amemjengea nyumba ya bati. Mzee ameendelea kupokea ruzuku, wala hakumwambia mtu. Huyu amekosea, lakini kosa lake linaweza kuwa la kutojua. Je, aliwahi kuambiwa kwamba akipata nafuu anapaswa kusema? Kama hakuambiwa, aelimishwe na aondolewe kwenye orodha kwa heshima. Kama aliambiwa akanyamaza kwa makusudi, shauri lake linakuwa jingine.

Mfano wa tatu: hila. Kiongozi mmoja ameandika majina matano ya watu wasiokuwapo. Amegonga mhuri. Amepokea fedha na kununulia pikipiki. Huyu hakukosea. Huyu amekusudia. Huyu ni mwizi, na mahali pake ni mahakamani.

Tofauti iko wapi? Iko katika maswali mawili. La kwanza: je, mtu alijua kwamba hastahili? La pili: je, alifanya jambo la kuficha ukweli? Jibu likiwa "hapana" kwa yote mawili, hapo hakuna mwizi. Kuna daftari lililoharibika, nalo linahitaji kutengenezwa.

FEDHA IRUDISHWE VIPI?

Fedha iliyoibwa lazima irudi. Katiba yetu, Ibara ya 27, inasema ni wajibu wa kila mtu kulinda mali ya umma. Lakini kurudisha kuna utaratibu wake. Tusipoufuata, fedha ya mkiwa itaibwa mara ya pili, safari hii na yule anayedai kuirudisha.

Mtu akija nyumbani kwako na kusema, "Mama, umelipwa zaidi, toa shilingi 50,000 sasa hivi," usitoe. Muulize mambo manne.

1. Deni limehesabiwaje? Akuonyeshe kwa maandishi: mwezi gani, kiasi gani, na kwa sababu gani.

2. Nani ameagiza? Akuonyeshe barua ya Halmashauri ya Wilaya au ya ofisi inayohusika. Neno la mdomo halitoshi.

3. Fedha inalipwa wapi? Fedha ya umma haiingii mfukoni mwa mtu. Hulipwa katika ofisi au akaunti ya Serikali, na mlipaji hupewa stakabadhi. Hakuna stakabadhi, hakuna malipo.

4. Nikitaka kubisha, niende wapi? Kila mtu anayedaiwa ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Anaweza kwenda kwa mtendaji wa kijiji, kwa mtendaji wa kata, au kwa mratibu wa TASAF katika ofisi ya Halmashauri.

Stakabadhi yako itunze vizuri. Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Deni nalo ni hivyohivyo. Deni lililolipwa bila stakabadhi linaweza kudaiwa tena mwakani.

MWIZI ASHTAKIWE

Mtu aliyetumia hila anashtakiwa kwa sheria gani? Ziko mbili zinazotumika zaidi.

Ya kwanza ni Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Sheria hiyo inakataza wizi. Inakataza kughushi, yaani kutengeneza hati ya uongo. Inakataza pia kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Mtu anayeghushi hati anaweza kufungwa hadi miaka 7. Hivyohivyo kwa anayejipatia mali kwa udanganyifu.

Ya pili ni Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Sheria hii inawahusu sana viongozi na watumishi. Inakataza ubadhirifu. Inakataza kutumia nyaraka za uongo. Inakataza kutumia madaraka vibaya. Wanaoisimamia ni TAKUKURU. Namba yao ya simu ni 113, na kupiga ni bure.

Shauri huenda hivi. Mtu anatoa taarifa TAKUKURU au polisi. Wachunguzi wanakusanya ushahidi: orodha za malipo, sahihi, dole gumba, na maneno ya mashahidi. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka inaangalia kama ushahidi unatosha. Ukitosha, mtu anafikishwa mahakamani. Hakimu anasikiliza pande zote mbili, kisha anatoa hukumu.

Wapo wanaosema, "Amesharudisha fedha, basi yamekwisha." Sivyo. Mwizi wa mbuzi akirudisha mbuzi baada ya kukamatwa, bado aliiba. Kurudisha kunaweza kumfanya hakimu apunguze ukali wa adhabu. Lakini kosa halifutiki kwa sababu hiyo peke yake. Tena mahakama inaweza kumwamuru aliyepatikana na hatia alipe fidia juu ya adhabu yake.

Wapo pia wanaosema, "Fulani ametajwa, basi ni mwizi, tumchomee nyumba." Hilo nalo ni kosa kubwa. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Mkutano wa kijiji unaweza kumuuliza maswali. Unaweza kumtaka aonyeshe daftari. Hauwezi kumfunga wala kumpiga.

Na shahidi je? Wengi huogopa kusema kwa sababu mwizi ni mtu mkubwa kijijini, au ni ndugu. Mwaka 2015 nchi yetu ilitunga Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Anayetoa taarifa ya kweli kwa nia njema analindwa na sheria hiyo. Lakini asitoe taarifa ya uongo ili kumkomoa jirani waliyegombania mpaka wa shamba.

SOMO KUTOKA AUSTRALIA

Hata nchi tajiri zimewahi kukosea katika jambo hili. Tuone yaliyotokea Australia.

Australia huwalipa ruzuku watu wasio na kazi na watu wenye kipato kidogo. Kuanzia mwaka 2015 Serikali ya huko iliamua kutumia kompyuta kutafuta waliolipwa zaidi. Kompyuta ilichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima. Ikayagawa sawasawa, kana kwamba mtu alipata kiasi kilekile kila wiki mbili. Kisha ikatoa barua: wewe unadaiwa.

Kosa liko wapi? Chukua mkulima wa alizeti wa Singida. Anauza alizeti yake mara moja baada ya mavuno, na kupata shilingi 600,000. Gawa kwa miezi 12. Utapata shilingi 50,000 kwa mwezi. Kompyuta itasema, "Mtu huyu hakuwa na shida mwezi wa Februari. Alikuwa na shilingi 50,000." Lakini kila mkulima anajua ukweli. Februari fedha ya alizeti ilikwisha zamani, na mtama mpya bado uko shambani.

Hivyo ndivyo maelfu ya watu wa Australia walivyodaiwa madeni ambayo hayakuwapo. Tena waliambiwa wao wenyewe wathibitishe kwamba hawadaiwi. Wengi walilipa kwa hofu. Mwaka 2019 mahakama ilitamka kwamba deni lililohesabiwa namna hiyo si halali. Mwaka 2020 Serikali ilikubali kuwarudishia watu zaidi ya dola milioni 700 za nchi hiyo. Mwaka 2023 tume ya uchunguzi ilitoa taarifa na kulaumu vikali mpango huo.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Tunajifunza pia kwamba mashine inasaidia kazi, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya kumwuliza mwenyewe na majirani zake. Serikali inayomwibia mkiwa kwa kumdai deni la uongo haijatofautiana sana na mwizi aliyeandika jina la marehemu. Kwa mkiwa, maumivu ni yaleyale.

KAZI YETU KIJIJINI

Wakaguzi wa wilaya hawawezi kuwa kila kijiji kila siku. Polisi hawawezi kumjua kila marehemu. Lakini wanakijiji wapo kila siku, na wanajuana. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza wa ruzuku uko kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Hukutana kila baada ya miezi mitatu. Mkutano huo unaweza kufanya mambo haya:

1. Orodha ya wanaolipwa isomwe kwa sauti, jina moja moja.

2. Kwa kila jina wanakijiji waulizwe: yupo? Anaishi hapa? Bado anastahili?

3. Waliofariki na waliohama waandikwe, na taarifa ipelekwe Halmashauri siku hizohizo.

4. Waliopata nafuu waruhusiwe kusema wenyewe bila kuaibishwa. Kupata nafuu ni jambo la kupongezwa, kwani ndilo lengo la ruzuku. Tukiwatukana, wenzao wataficha.

5. Waulizwe pia walioachwa nje. Yupo mkiwa ambaye jina lake halikuandikwa? Kumwacha anayestahili ni kosa sawa na kumwandika asiyestahili.

6. Anayetakiwa kuondolewa aambiwe sababu, na apewe nafasi ya kujibu palepale mbele ya watu.

7. Yote yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na mtu yeyote aruhusiwe kuzisoma.

Jambo la sita lisisahauliwe. Kuna hatari kwamba ukali wa kuwasaka wezi ukawaangukia wanyonge. Kiongozi aliyeiba ana maneno mengi ya kujitetea, na anajua njia ya kwenda wilayani. Bibi kizee hana maneno, wala nauli. Jina lake likifutwa kimakosa, anaweza kukaa kimya na kulala njaa. Uhakiki mzuri hupimwa kwa mambo mawili: wezi wangapi wamekamatwa, na wakiwa wangapi hawakuonewa.

Ndugu mwananchi, sasa unajua kusoma na kuhesabu. Ukifika mkutano, omba orodha isomwe. Wakikuambia ni siri, sema si siri, kwa maana majina hayo yalitajwa na kijiji chenyewe. Ukiona jina la marehemu, simama useme. Ukiona jina la mkiwa limefutwa bila sababu, simama useme pia. Fedha ya mkiwa ina mwenyewe. Kazi yetu ni kuhakikisha inamfikia.

MAANA YA MANENO

Ruzuku: fedha inayotolewa kumsaidia mtu, ambayo hatakiwi kuilipa.
Uhakiki: kuchunguza kama jambo lililoandikwa ni la kweli.
Ubadhirifu: kutumia mali uliyokabidhiwa kwa faida yako mwenyewe.
Kughushi: kutengeneza hati, sahihi au mhuri wa uongo.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba umelipa.
Fidia: malipo anayopewa aliyepata hasara.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chenu, orodha ya ruzuku ilisomwa lini mara ya mwisho mbele ya watu wote?
2. Mama aliyelipwa zaidi kwa kosa la karani atendewe vipi? Toeni sababu.
3. Kaya hewa 4 zimelipwa shilingi 10,000 kila moja kwa mwezi, kwa miaka 2. Ni shilingi ngapi zimepotea?
4. Kiongozi aliyeiba amerudisha fedha yote. Je, ashtakiwe? Kwa nini?